Uso wa Mezani

Alipokuwa na miaka minne, mtoto alikubali vitu vitatu tu mdomoni: mkate mweupe, chai ya maziwa yenye sukari, na pipi. Watu wa nyumbani walimwita Kipipi kwa utani, jina likamganda. Daktari wa watoto alishusha kope yake ya chini kwa kidole, akamwonyesha mama yake jinsi nyama ya ndani ilivyopauka. Damu ilikuwa pungufu. Dawa ingesaidia kwa muda, alisema daktari, lakini mtoto asipoanza kula mboga, maharage na mayai, wangekuwa wanarudi pale kila mara.

Mama Kipipi hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alikuwa mpima macho. Kutwa nzima alitazama kope za watu, na za mwanawe alikuwa amezitazama kabla ya daktari.

Alijaribu yote ambayo wazazi hujaribu. Alibembeleza, akatishia, akageuza kijiko kuwa ndege. Alikwaruza karoti nyembamba kama nyuzi, akazificha ndani ya mayai ya kukaanga. Kipipi alizichambua zote kwa kidole na kuzipanga ukingoni mwa sahani.

"Huyu akikua tumpeleke forodhani," alisema baba yake, fundi wa majokofu, mtu wa mizaha. "Hapiti mtu na magendo."

Ndipo jirani mmoja alipowaelekeza kwa Bi Kijiko.

Jina hilo alipewa na wazazi, kwa heshima. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini na shahada ya lishe, na chekechea yake ilijulikana kwa jambo moja: watoto wake walikula. Hakuwapiga, hakuwafokea, wala hakuwahonga kwa vitu vitamu. Mtoto hakulazimishwa kutia chakula mdomoni. Lakini kilichokwisha kuingia mdomoni hakikutemwa. Alikitafuna, akakimeza, kisha akatoa ulimi kuonyesha kuwa umebaki mtupu, na darasa zima likampigia makofi. Kwa mtoto wa miaka minne, makofi ya darasa zima si kitu kidogo.

Kanuni ya pili iliwahusu watu wazima. Walimu walikula chakula kilekile, mezani palepale, na kila Ijumaa mzazi mmoja alialikwa kula pamoja nao. "Mtoto hasomi sahani," Bi Kijiko aliwaambia wazazi kwenye mkutano. "Anasoma uso wa mkubwa. Ukikunja pua mara moja, umeniharibia kazi ya wiki." Akawagawia vipande vya ganda la limau wavitafune bila kubadilisha sura. Wazazi walicheka mpaka machozi yakawatoka, lakini walijifunza. Sura ile tulivu, yenye tabasamu dogo, waliiita uso wa mezani.

Na njia hiyo ilifanya kazi. Muhula haukuisha kabla Kipipi hajaanza kula mchicha. Baada ya mchicha yakaja maharage, kisha boga, kisha kabichi. Damu ilipopimwa tena, ilikuwa imepanda. Mama yake alimshukuru Bi Kijiko mbele ya wazazi wengine, na alimaanisha.

Jambo la kwanza lililomtia wasiwasi lilikuwa maziwa. Yalisahaulika mezani siku ya joto, naye bila kujua akajaza glasi mbili. Yake aliyatema kwenye sinki mara tu yalipomgusa ulimi. Alipogeuka, glasi ya Kipipi ilikuwa tupu.

"Mbona hukusema?"

"Kusema nini?"

"Kwamba yameharibika! Hukusikia yalivyo makali?"

"Nilisikia," alisema mtoto, akatoa ulimi.

La pili lilitokea kazini kwake. Alimkalisha Kipipi kwenye kiti cha wagonjwa, akamvika fremu ya kupimia, akamwonyesha picha ya bata ukutani. Kazi ya mpima macho inategemea mgonjwa kusema ukweli: hivi au hivi, ipi ni afadhali? Aliweka lenzi hafifu. "Bata unamwona?" "Vizuri." Akaweka lenzi nzito, ambayo kwa macho yake mazima ingemgeuza bata kuwa ukungu mtupu. "Na sasa?" "Vizuri." Mama aliitoa lenzi. Kisha akachukua vizibo viwili vyeusi, akaziba macho yote mawili.

"Na sasa?"

"Vizuri, mama," alisema Kipipi, huku akitabasamu gizani.

Jioni alimsimulia mumewe. Baba aliweka chini bisibisi, na kwa mara ya kwanza hakuwa na haraka ya kuchekesha. "Walisema samaki mkunje angali mbichi," alisema. "Hawakusema umkunje mpaka mfupa ulie." Halafu akajirudi. "Mtoto anatania tu, mama Kipipi. Usijitie presha."

Lakini yeye alikwenda kumwona Bi Kijiko. Alimkuta ofisini akimenya chungwa, ganda likitoka bila kukatika. Alimweleza habari za maziwa na za vizibo.

"Uliniletea mtoto anayesema sitaki kwa kila kitu," alisema Bi Kijiko kwa upole. "Ulitaka nizing'oe hizo sitaki moja moja, nikuachie zile unazozipenda?"

"Nataka aweze kukataa kilichooza."

"Ataweza. Ni hatua tu, wote huipitia. Kwanza wanajifunza kukubali, kuchagua kunakuja baadaye." Alimpa pande moja la chungwa. "Ijumaa hii ni zamu yako mezani. Njoo umwone. Mzazi akishaona kwa macho yake, wasiwasi humwisha."

Ijumaa alifika mapema, akapitia jikoni kusalimia. Jiko lilikuwa safi kama chumba cha upasuaji. Mpishi, mama mnene mwenye kilemba cheupe, alikuwa akipima mafuta kwenye mizani ndogo. Juu ya meza kulikuwa na maganda ya mumunye, ya kijani, laini, yenye michirizi hafifu.

"Mamumunye mazuri haya. Mnayapata wapi, shoga yangu?"

"Tunayapata wapi?" Mpishi alichekea kifuani. "Nimeyapanda mwenyewe, mama. Pale ukingoni, kwenye ua. Mbegu nilizitunza kutoka mavuno ya mwaka jana. Mwaka jana yalikuwa matamu, watoto walikaribia kula na sahani zenyewe! Haya ya leo ndiyo ya kwanza mwaka huu."

Mama Kipipi alichungulia dirishani. Mimea ya mumunye ilikuwa imeutambalia ua wa waya, na kutoka upande wa pili mimea ya jirani nayo imeupanda ua uleule, majani yamechanganyika na majani. Jirani alikuwa akipanda vibuyu. Aliviacha vikauke, akavichora nakshi na kuviuza kama mapambo. Vilikuwa vinaning'inia hapo, vyenye shingo ndefu na matumbo makubwa.

"Na mchuzi umekolea? Umeonja?"

"Thubutu!" Mpishi aliinua mikono kama aliyeshikiwa bunduki. "Kuonja hapa ni mwiko. Aliyenitangulia alikuwa akionja, kila mwezi chumvi inapanda, mpaka watoto wakawa wanakula bahari. Mwalimu akasema ulimi wa mtu mzima usimpimie mtoto. Mimi napima kwa mizani, naivisha kwa saa, napakua. Yangu yameishia hapo."

Chumba cha kulia kilikuwa na meza fupi zilizopangwa mraba, ili kila mtu amwone kila mtu. Mama Kipipi alikaa kwenye kiti cha kitoto, magoti karibu na kifua. Kipipi alikuwa mbele yake hasa. Bi Kijiko alikaa katikati ya upande wa juu. Kando yake alikaa msichana mdogo mwenye nywele za vifundo viwili, mgeni, aliyeanza wiki hiyohiyo.

Mpishi aligawa wali, na juu yake mumunye lililopikwa kwa nyanya. Harufu ilikuwa ya kawaida. Mvuke ulikuwa wa kawaida.

Mama Kipipi alitia kijiko mdomoni.

Haukuwa uchungu wa jani. Ulikuwa kama wa kidonge kilichotafunwa, ulioshika nyuma ya ulimi na kushuka kooni bila kupungua. Mwili wake ulitaka kutema. Lakini mbele yake Kipipi alikuwa amesimamisha kijiko hewani, anamtazama, na uso wake ukajitengeneza wenyewe kabla hajaamua lolote. Alitabasamu kidogo. Akameza.

Kipipi naye akala.

Labda ni kipande hiki tu, aliwaza. Alichukua kingine, upande wa pili wa sahani, na uchungu ukawa uleule. Akatazama mezani. Watoto walikuwa wanatafuna, nyuso zimetulia. Mwalimu msaidizi alikuwa anatafuna. Bi Kijiko, mwenye shahada ya lishe, alikuwa anapeleka kijiko cha pili mdomoni bila kupepesa. Mama Kipipi alikuwa mtu wa kuamini ushahidi, na mezani pale ushahidi wote ulipingana na ulimi wake. Huenda ni yeye. Huenda ni mafua yanaanza.

Kipipi alimaliza, akatoa ulimi. Makofi yakapigwa. Akainua mkono, na mpishi akamwongezea bakuli zima.

Msichana wa vifundo viwili alichelewa kuanza. Alinusa, akazungusha kijiko, mwishowe akatia kipande mdomoni. Papo hapo akakitema kwa nguvu, kikaruka hadi katikati ya meza.

"Chungu!" alipiga kelele, akifuta ulimi kwa pindo la gauni. "Chungu, chungu, chungu!"

Watoto walishtuka kana kwamba amevua nguo mbele yao. Mmoja akacheka kwa hofu.

"Mezani kwetu hatutemi, mama," Bi Kijiko alimwambia kwa sauti ya kubembeleza. "Jaribu kidogo tu. Ulimi bado haujazoea."

"Kula wewe!"

"Haya. Nitazame." Bi Kijiko alijaza kijiko, akakila taratibu huku akimtabasamia mtoto.

Mama Kipipi alikuwa anamtazama pia, lakini hakutazama mdomo. Kwa mazoea ya kazi alitazama macho. Aliona maji yakijaa kwenye kope za chini za Bi Kijiko, na kope zikibanwa ili yasimwagike.

Alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Temeni! Wote, temeni! Msimeze!"

Hakuna aliyetema. Watoto waligeuza vichwa kwa Bi Kijiko, mashavu yamejaa, wakingoja. Kipipi alitafuna harakaharaka, akameza, akamwonyesha mama yake ulimi.

"Mama Kipipi, unawatisha watoto," alisema Bi Kijiko.

"Mwalimu, huo uchungu umeusikia au hukuusikia?"

Bi Kijiko alifuta mdomo kwa kitambaa. Alikuwa mtu mkweli, na hilo ndilo lililofanya jibu lake liwe gumu kulisikiliza.

"Nimeusikia."

"Tangu kijiko cha kwanza?"

"Tangu cha kwanza."

"Kwa nini umemeza?"

"Walikuwa wananitazama," alisema. Kisha, bila ukali wowote, "Na wewe?"

Bi Kijiko alisimama, akapiga makofi mawili mepesi. "Watoto, vijiko chini."

Vijiko vyote vilishuka kwa pamoja. Lakini walikuwa wamefundishwa kwamba kijiko hakiwekwi chini mdomo ukiwa umejaa. Kila aliyekuwa na tonge alilimeza kwanza.

Mpishi alikuwa amefika mlangoni na sufuria mkononi. Alichovya kidole sufuriani, akaonja, akatema kwenye kiganja. "Mungu wangu," alisema. "Hiki ni kibuyu."

Wa kwanza kutapika alikuwa mwalimu msaidizi. Kisha watoto wakaanza, mmoja hapa, mwingine pale, kama mvua inavyoanza.

Gari la shule liliwafikisha hospitali kwa safari mbili. Ukumbi wa mapokezi ulijaa makelele na harufu ya matapishi. Kulikuwa na watoto wachache wanaolia, wale waliokuwa wageni zaidi katika chekechea ile, na manesi waliwakimbilia hao. Msichana wa vifundo viwili, aliyetema, alikuwa akikimbia huku na huko akihesabu milango. Wengine wengi walikaa kwenye mabenchi, wametulia, mikono juu ya mapaja. Bi Kijiko alikaa kati yao, ndoo miguuni, uso umekuwa kama majivu.

Nesi alipita, akainama mbele ya Kipipi. "Na wewe, baba? Tumbo linauma?"

Kipipi alitikisa kichwa. Alitabasamu.

"Huyu hajambo. Akae hapohapo, mama, tumalize wagonjwa kwanza."

"Huyu ametapika mara tatu kwenye gari," alisema mama yake. Tumbo lake mwenyewe lilikuwa linamsokota, lakini alisimama wima. "Alitapikia ndani ya shati lake, bila sauti. Amekula mara mbili ya wenzake. Mshike vidole uone vilivyo baridi."

"Mama, kuna watoto wanalia hapa."

"Ndiyo ninachokwambia. Wanaolia wanajieleza. Huyu hajielezi."

Nesi alishika vidole vya mtoto ili amridhishe mama. Kisha akamshika kifundo cha mkono kupima mapigo, akamwita daktari.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alibana ngozi ya tumbo la Kipipi kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi ilibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Alitundikiwa dripu upesi. Wakati ikiingia, daktari aliuliza wamekula nini, na mpishi, aliyekuja nao kwenye gari, akamweleza kuhusu mbegu na ua, sauti ikimkatika.

"Nyuki walichanganya chavua ya mimea hiyo miwili," alisema daktari. "Kibuyu na mumunye ni ndugu. Tunda la mwaka jana lilikuwa salama, mbegu zake ndizo zilizobeba uchungu. Na uchungu wenyewe ndiyo sumu. Hauna dawa yake, tunarudisha maji na kumwangalia. Kwa kawaida haufiki mbali, maana mtu akiuonja anatema." Aliwatazama watoto kwenye mabenchi. "Hawa waliwezaje kumeza?"

Bi Kijiko alikuwa ameinamia ndoo yake.

Daktari alianza kubonyeza tumbo la Kipipi. "Hapa panauma?"

"Hapaumi."

"Na hapa?"

"Hapaumi." Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye paji la uso, na tabasamu halikuondoka.

Daktari aliacha. "Mama, nisikilize. Wengine sumu hii huwachubua utumbo mpaka wakavuja damu ndani. Nahitaji kujua maumivu yako wapi, na yanaongezeka au yanapungua. Mashine ya kunieleza hayo sina. Yeye ndiye wa kuniambia."

Mama Kipipi aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mwanawe. Alitaka kumwambia hapa hakuna darasa, hakuna wa kupiga makofi, sema tu. Aliona macho yake yakimsoma, kwa makini, kwa utii, yakitafuta sura ya kufuata. Akaelewa kwamba maneno hayatafika. Msokoto mwingine ulipanda tumboni mwake. Safari hii hakuuzuia. Aliacha mdomo upinde, pua ikunjike, meno yatoke. Aliguna kwa sauti mbele ya watu wote, kama mnyama.

"Linaniuma, mwanangu! Tumbo linaniuma, sitaki, linauma!"

Kipipi alimtazama kwa mshangao. Tabasamu lilisita. Mdomo wa chini ulianza kutetemeka, ukatulia, ukatetemeka tena, kisha ukafunguka, na kilio kilichotoka kilikuwa kikubwa kuliko kifua chake. Alijishika chini ya kitovu kwa mikono yote miwili.

"Hapa! Hapa, mama, hapa!"

"Vizuri," alisema daktari, tayari ameanza kubonyeza palepale. "Lia, baba. Tumbo bado ni laini. Nikiondoa mkono? Hapa zaidi au hapa? Safi kabisa. Huyu sasa nitamweza."

"Mama, mnyamazishe kidogo," alisema nesi mwingine aliyepita na sinia. "Ukumbi mzima unasikia."

"Mwache," alisema Mama Kipipi. "Na usikie."

Ukumbi ulikuwa umeshasikia. Kwenye benchi la karibu mtoto mmoja alianza kulia, mikono tumboni. Wa pembeni yake akafuata. Kilio kilisafiri kutoka benchi hadi benchi, na kila kilipofika, mtoto aliyekuwa ameketi vizuri alijikunja, akaonyesha panapouma. Nesi mwenye sinia alisimama. Alianza kuwahesabu kwa macho, akaacha, akapaza sauti kuomba dripu, dripu zote zilizopo ghalani.

Bi Kijiko aliinua kichwa. Alikuwa akitazama benchi la mwisho, karibu na mlango. Pale alikaa mtoto mmoja ambaye hakulia. Mgongo wake ulikuwa umenyooka ukutani, mikono juu ya mapaja, uso umetulia kabisa.

"Daktari," alisema Bi Kijiko. Halafu akamwita tena kwa sauti ambayo hakuna mzazi aliyewahi kuisikia kwake, na daktari akaanza kukimbia.